Somo: Kuvuna maji ya mvua kwenye nyumba ya mlimani, kuanzia batini hadi tenkini

Ndugu wanachama,

Anayeishi kwenye vilima vya Mwanza, kama Igogo, Mabatini au Bugarika, anayajua magoti yake vizuri. Ukisimama mlangoni asubuhi unaliona Ziwa Victoria limetandaa chini yako, lakini ndoo ya maji inakufikia baada ya kupandishwa mlima kichwani mwa mtu, na siku ya mgao mwenye kuipandisha hujipangia bei. Wakati huohuo mvua moja nzuri ya mwezi wa 11 hupitisha juu ya bati lako ndoo nyingi kuliko unazonunua kwa wiki nzima, kisha maji hayo hushuka kwa kasi, huchimba msingi wa jirani wa chini, hubeba udongo na takataka hadi Mto Mirongo, na Mirongo huumimina mzigo wote katika ziwa lilelile ambalo pampu hulivuta ili maji yasafishwe na kusukumwa tena mlimani kwa umeme.

Somo hili linahusu kuyakamata maji hayo yakiwa bado juu ya paa. Wengi wetu tunaanza kwa kununua tenki, kwa sababu tenki ndilo linaloonekana na ndilo linaloleta heshima uani. Nami nilianza hivyo, na nilijuta. Tenki ni la mwisho kufikiriwa. Kazi yenyewe iko kwenye gata, yaani mfereji unaokinga maji ukingoni mwa paa, na kwenye yale maji ya kwanza yanayoosha bati.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujatoa fedha

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa nyumba chini, hadi pale matone ya paa yanapodondokea. Usipime mteremko wa bati, maana mvua hailipi zaidi kwa sababu paa limeinuka. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 ingetoa lita 1,600, lakini sehemu hurukia pembeni na nyingine hukauka juu ya bati lenye joto, kwa hiyo zidisha kwa 0.8, upate lita 1,280. Hizo ni ndoo 64 za lita 20 katika alasiri moja. Kwa mwaka Mwanza hupata takribani milimita 1,000, na paa hilohilo, kwa hesabu hiyohiyo, lingetoa lita 64,000.

Usidanganyike na tarakimu hiyo ukaagiza tenki kubwa kama gati. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei, hujaza tenki mara kwa mara. Kinachotakiwa ni kuvuka Juni, Julai na Agosti. Familia inayotaka lita 40 kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 100 za ukame, inahitaji lita 4,000, kwa hiyo tenki la lita 5,000 linatosha na chenji inabaki. Maji ya kufulia na kudeki endeleeni kuyatoa bombani.

Hatua ya pili: kagua paa

Bati la kawaida la zinki ni zuri kwa kazi hii, na vigae pia. Rangi ya zamani inayobanduka ni hatari, kwa kuwa baadhi ya rangi za kale zilitiwa madini ya risasi. Kata matawi ya mwembe yanayolala juu ya paa. Kwetu hapa kuna la ziada, nalo ni ndege: mwewe na wale korongo wakubwa wanaoshinda kwenye soko la samaki la Mwaloni hawali palepale wanapookota, na mimi nimewahi kutoa kwenye gata yangu uti wa mgongo wa sangara mzima, urefu wa mkono, ingawa nyumba yangu iko mbali na ufuko.

Hatua ya tatu: gata na mteremko wake

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Gata ikifungwa sawasawa kabisa kwa kufuata fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, maji husimama, majani huoza humo, na mbu wanapata kitalu. Gata inatakiwa ishuke sentimita 1 kwa kila mita 1 au 2, kuelekea upande wa tenki. Usiamini macho, kwa sababu kwenye kilima macho hudanganywa na mteremko wa ardhi, na fundi anayefuata ardhi anaweza kuipandisha gata akidhani anaishusha. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uujaze maji bila mapovu, shika ncha moja kona hii na mwenzako ashike nyingine kona ile. Maji yakitulia, alama mbili za maji ziko usawa mmoja. Kutoka hapo shusha upande wa tenki kwa kiasi ulichokokotoa, piga msumari kila mwisho, vuta uzi, na kila kishikizo kikae chini ya uzi huo, kimoja kila sentimita 60 hadi 90. Ncha ya bati iingie ndani ya gata, lakini isifike ukingo wa nje, la sivyo mvua kubwa itaruka juu ya gata na kuiacha kavu. Ukimaliza, panda ngazi na ndoo, mimina maji mwanzo wa gata, utazame yanakokawia.

Hatua ya nne: maji ya kwanza yamwagwe

Mtu akiniuliza ni hatua ipi asiiruke hata kama fedha imeisha, nitamwambia hii. Kati ya mvua na mvua bati hukusanya vumbi, vinyesi vya ndege, moshi wa jirani anayekaanga samaki, na vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi juu ya maji na kuja kufa kwa maelfu kwenye mapaa yetu. Dakika za mwanzo za mvua huviosha vyote. Maji hayo ukiyaacha yaingie tenkini, umejitengenezea supu.

Kiasi cha kumwaga ni milimita 0.5 hadi 1 ya mvua; kwa paa letu la mita za mraba 80 hizo ni lita 40 hadi 80. Mimi natumia pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko wa kukaza, lililowahi kubeba chakula wala si dawa. Bomba la inchi 4 linashuka kutoka kwenye gata hadi kwenye tii, yaani kiungo cha bomba chenye matundu matatu. Mkono mmoja wa tii unashuka wima, mita 1 hivi, na kuingia kwenye pipa. Mkono wa pili unakwenda pembeni kuelekea tenkini. Mvua ikianza, maji hushuka moja kwa moja kwenye pipa. Pipa likijaa, na bomba lililo juu yake likajaa, maji hayana pa kwenda ila tenkini. Ile mita 1 ya bomba si mapambo: inayatenga maji machafu yaliyotulia chini na maji safi yanayopita juu.

Chini ya pipa toboa tundu la milimita 3, ama funga koki ndogo uiache ikidondosha. Baada ya saa kadhaa pipa linakuwa tupu, tayari kwa mvua ijayo, bila wewe kukumbuka chochote. Matone hayo yaelekeze kwenye migomba. Mvua za kwanza baada ya kiangazi zina uchafu wa miezi mitatu, na pipa pekee haliziwezi. Chomoa bomba la tenki na uiache mvua moja nzima ipite.

Hatua ya tano: kitako na tenki

Lita 5,000 ni tani 5. Tenki langu la kwanza niliweka juu ya kifusi nilichoshindilia kwa miguu. Mvua ya tatu ilipojaza, upande wa bondeni ulititia, tenki likainama na koki ikang'oka usiku. Nilisikia maji yakikimbia nikadhani bado mvua inanyesha. Mwenye jiwe kubwa lililokaa vizuri uani ana bahati: asawazishe kwa zege juu yake. Asiye nalo ajenge ukuta wa mawe wa mviringo, ajaze mawe na kokoto katikati, kisha amwage zege la sentimita 10 kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na alimwagilie siku 7. Kimo cha sentimita 50 kinatosha ndoo kukaa chini ya koki. Tenki liwe jeusi au la rangi isiyopitisha mwanga, ili mwani usiote.

Hatua ya sita: maji yanayofurika

Bomba la kufurikia liwe na unene uleule wa bomba la kuingizia. Liongoze hadi kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na msingi na mbali na choo, na kando yake panda migomba au matete. Usiliachie juu ya kichwa cha jirani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Buswelu: Shikamoo fundi. Bati langu lina kutu nusu nzima. Nivune au nisubiri kubadilisha?

Jibu: Marahaba. Kutu ya chuma hubadilisha rangi na ladha, na huchafua nguo nyeupe, lakini yenyewe si sumu. Vuna kwa ajili ya bustani na kudeki kwa sasa. Kama upande mmoja wa paa ni mzima, weka gata upande huo tu.

Mpangaji wa Kirumba: Fundi, nyumba si yangu na mwenye nyumba hataki nitoboe fisha bodi. Pia naomba kujua kama maji haya yananyweka, maana korongo tunalala nao.

Jibu: Gata fupi ya mita 3 inaweza kufungwa kwenye nguzo mbili zilizosimama chini ya ukingo wa paa, bila kugusa nyumba, na pipa la lita 200 likatosha chumba kimoja. Ukihama unahama nayo. Kuhusu kunywa: hapana, si moja kwa moja. Yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1 kamili, au yatie vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti. Ukikosa mkaa, chukua chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, jaza maji yasiyo na tope, zilaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu.

Mama wa Nyegezi: Tenki letu limejaa viluilui. Mwanangu anataka kumwaga yote.

Jibu: Mama, msimwage. Fungeni wavu wa mbu kwenye tundu la kuingizia na kwenye bomba la kufurikia, kwa sababu wengi husahau hilo la pili, na mfuniko ufunge kabisa. Vilivyomo vitageuka mbu ndani ya siku chache na kufa humohumo bila njia. Kwa kunywa, chujeni kwa kitambaa kabla ya kuchemsha.

Mwanachama wa Kisesa: Paa la nyasi je?

Jibu: Kwa bustani, sawa. Kwa jikoni, hapana.

Mwanachama wa Mabatini: Umesema tusimwagie jirani. Mimi ndiye jirani wa chini. Wa juu amefunga gata nzuri, tenki limejaa, na maji yote yanashukia ukuta wangu. Nimemwambia mara mbili.

Jibu: Mwite mvua ikinyesha, si baada ya kukatika, asimame kwako aone kwa macho. Kisha msemezane kuhusu bomba moja la inchi 4 kutoka kwenye tenki lake hadi kwenye migomba yako, nusu yeye anunue, nusu wewe. Kama una nafasi ya pipa la lita 200 njiani, liweke: kama naye ana pipa la maji ya kwanza, uchafu wa paa umeshabaki humo, kwa hiyo anayekumwagia anakuletea maji ya paa lililokwisha kuoshwa.