Mapafu Kujaa Maji Mlimani: Ya Kupanga Kabla Hujaondoka Dar

Mtu aliyelala Mbagala Ijumaa usiku, akapanda basi la alfajiri Mbezi kwenda Moshi na kuingia lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro Jumapili, Jumanne jioni anakuwa kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari. Siku nne tu zilizopita alikuwa anavuta hewa ya pwani. Wengi wanaokwenda kusherehekea Uhuru kileleni mwezi Desemba hupangiwa hivyohivyo, na ratiba ya namna hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha mapafu kujaa maji. Kwa hiyo kinga inaanza siku unapochagua njia na idadi ya siku, kabla hujalipa.

Oksijeni hewani ni asilimia 21, uwe Posta au kilele cha Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na kwenye mita 5,895 unabaki takriban nusu ya ule wa pwani. Sasa mapafu yana tabia yake: sehemu iliyokosa oksijeni hubana mishipa yake midogo ili damu iende penye hewa nzuri. Ukiwa na nimonia kwenye kipande kimoja cha pafu, tabia hiyo inakusaidia. Mlimani pafu zima limekosa oksijeni, mishipa inabana kila upande, ila haibani sawasawa. Damu hukimbilia palipobaki wazi, kwa presha kubwa, mithili ya pampu inayosukuma maji kwenye nyumba iliyofungwa koki karibu zote. Kuta za kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, ni nyembamba mno. Zinavuja, maji ya damu yanaingia kwenye vifuko vya hewa, na baadaye chembe nyekundu zinafuata. Ndiyo maana makohozi ya mwishoni huwa na povu la rangi ya waridi. Moyo unaweza kuwa mzima kabisa. Hadi mwaka 1960, daktari Mmarekani Charles Houston alipoueleza ugonjwa huu kwa mgonjwa mwenye moyo mzima, wengi walidhani ni nimonia au moyo kushindwa.

Mazoezi hayakingi. Kukimbia Coco Beach kila asubuhi kunaimarisha miguu, lakini mwenye miguu imara ndiye anayewaacha wenzake nyuma, na kujikaza kunapandisha zaidi presha ya mapafu. Baridi nayo inaipandisha, hivyo nguo kavu za kulalia na soksi nzito ni sehemu ya kinga.

Anayepaswa kuogopa kuliko wote ni aliyewahi kuugua ugonjwa huu. Akipanda tena kwa kasi ileile, uwezekano wa kurudiwa unapita nusu. Jiulize kwa uaminifu: umewahi kushushwa mlima kwa sababu ya kifua, ukaambiwa ni nimonia, kisha ukapona ndani ya siku moja mbili baada ya kushuka? Mweleze daktari kabla ya safari. Anaweza kukupa nifedipini, dawa ya presha, ile ya kutoa dawa polepole, mg 30 kila saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Usichukue vidonge vya presha vya mzazi nyumbani. Huenda si aina hiyo, na vinaweza kukuangusha presha.

Mwenye tundu la moyo, presha ya juu kwenye mishipa ya mapafu, au anayeishiwa pumzi akipanda ngazi za ghorofa mbili, afanye eko ya moyo (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) kwanza. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ni mahali pa kuanzia. Mgonjwa wa selimundu asipande. Hata mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja aonane na daktari, maana bandama linaweza kupata madhara huko juu. Mafua au kikohozi cha wiki ya safari ni sababu halali ya kuahirisha.

Kuhusu njia: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Marangu ya siku tano inaruka mita 1,000 kati ya kambi za Mandara na Horombo, kisha 1,000 nyingine hadi Kibo. Chukua ya siku sita, ulale Horombo mara mbili. Bora zaidi ni Machame ya siku saba au Lemosho ya nane, kwa sababu unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600, kisha unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Usiku ndipo oksijeni ya damu inaposhuka zaidi, hivyo urefu wa kuhesabu ni wa mahali unapolala. Pombe na vidonge vya usingizi viache Dar.

Dawa ya Diamox, mg 125 asubuhi na jioni, husaidia mwili kuzoea na kuzuia maumivu ya kichwa. Usiitegemee kulinda mapafu, na mwambie daktari kama dawa za salfa zinakudhuru. Vidonge vya kukojoza maji havifai: mwili tayari umekauka.

Beba oksimita ya kidole, kifaa cha kupimia oksijeni ya damu. Futa rangi ya kucha, na usipake piko kabla ya safari, maana huvuruga kipimo. Pasha vidole moto kwanza. Huko Kibo asilimia 80 inaweza kuwa ya kawaida, hivyo linganisha na wenzako: aliye chini yao sana, tena anahema akiwa amekaa, ana tatizo.

Dalili hujitokeza siku ya pili hadi ya nne, mara nyingi usiku. Mtu anachoka kuliko jana, anakohoa kikavu, anashindwa kulala chali. Kichwa kinaweza kisiume kabisa. Hapo anashushwa angalau mita 1,000 usiku huohuo, akibebwa kwa machela ikiwezekana, bila mzigo, huku akipewa oksijeni. Kutoka Kibo ni Horombo. Kutoka kambi ya Barafu, kwa waliopita Machame au Lemosho, ni kuelekea kambi ya Mweka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize mwenye kampuni kuna mitungi mingapi na nani atabeba machela usiku. Mtungi wa lita 400 ukifunguliwa lita 4 kwa dakika unakwisha kwa dakika 100, na kumbeba mtu gizani kutoka Kibo hadi Horombo kunachukua zaidi ya hapo.