Kukagua Mianya ya Hadithi Katika Trilojia ya Fantasia

Mimi ni mhariri wa riwaya. Msomaji wa fantasia atakubali joka linaloongea bila kinyongo, lakini farasi asiyechoka atamtilia shaka. Nikiletewa kazi ya vitabu vitatu, huikagua hivi ili kupata mianya, yaani mahali hadithi inapojipinga au inapoacha jambo bila maelezo.

Hatua ya 1: Orodhesha madeni. Soma vyote mfululizo. Chochote ambacho msomaji amefanywa akingojee ni deni: barua isiyofunguliwa, jina alilotamka mtu akikata roho. Chora jedwali: lilikopwa wapi, lilikumbushwa wapi, lililipwa wapi. Usirekebishe kitu kwanza.

Hatua ya 2: Pima gharama ya uchawi. Hapa usiwe na haraka. Kwa kila nguvu, andika inafanya nini na inamtoza nini mwenye nayo. La pili ndilo husahaulika. Muswada mmoja niliohariri ulikuwa na mganga aliyetapika damu baada ya kuamsha upepo wa kusukuma ngalawa moja. Kitabu cha tatu anasukuma merikebu arobaini, kisha anaketi kula. Mwandishi akaniambia, "Si amezoea?" Sawa, lakini mazoea hayo hayakuwa kwenye ukurasa wowote. Tukaongeza ukurasa mmoja katika kitabu cha pili: mganga anagundua kwamba damu sasa anatapika mwanafunzi wake. Mlo ule ule, bila kubadilisha neno, ukawa wa kutisha.

Hatua ya 3: Ramani na kalenda. Farasi akitembea huenda kama kilomita 6 kwa saa. Kwa muda wa saa nane ni kilomita 48. Tarishi akivuka kilomita 600 kwa siku tatu, lazima awe anabadilisha farasi njiani, na hilo lisemwe. Mwezi nao huchukua takriban siku 29 na nusu kutoka mpevu hadi mpevu. (Dunia yako ina miezi miwili? Tuonyeshe mapema, si siku unapobanwa.)

Hatua ya 4: Tenga fumbo na usahaulifu. Kwa kila deni ambalo halijalipwa, muulize mwandishi jibu lake. Akilitoa kwa sentensi moja, ni fumbo, na anaweza kuliacha. Akianza kujikuna kichwa, alisahau. Hata hivyo si lazima kila deni lilipwe. Wakati mwingine inatosha mhusika aulize swali hilo kwa sauti na akose jibu.

Hatua ya 5: Kitabu cha kwanza kikiwa kimeshachapwa. Katika *The Hobbit*, riwaya ya J.R.R. Tolkien ya 1937, kiumbe aitwaye Gollum alikuwa tayari kuitoa pete kama zawadi ya shindano la vitendawili. Hilo halikuoana na hadithi iliyofuata, *The Lord of the Rings*, kwa hiyo Tolkien akaiandika upya sura hiyo kwa toleo la 1951, na masimulizi ya awali yakageuzwa kuwa uongo wa Bilbo, mhusika mkuu aliyeondoka na pete hiyo. Basi kabla ya kuomba toleo jipya, angalia kosa lilitoka kinywani mwa nani. Likiwa la mhusika, si la msimulizi, huenda alidanganya, na kitabu cha tatu kinaweza kumuumbua.