Kutengeneza mkaa amilifu wa kunyonya rangi kutokana na chupa za plastiki

Mkaa amilifu ni mkaa wenye vitundu vingi vidogo vinavyonasa rangi. Tumia chupa za maji na soda zenye alama ya 1 (PET, aina ya plastiki) peke yake. Mifuko, ndoo na vizibo ni poliethilini au polipropilini: ukivichoma bila hewa huyeyuka, hugeuka gesi na mafuta, na mkaa haubaki. PVC ni hatari, hutoa gesi ya asidi. Bandua lebo zote, katakata chupa vipande vya nusu sentimita, kisha vitose majini. PET huzama, vizibo huelea. Lebo za PVC nazo huzama, kwa hiyo usiyategemee maji kukusaidia kuzichambua.

Kazi hii ni ya maabara yenye tanuri la bomba, mtungi wa naitrojeni na kabati la kutolea moshi. Usiijaribu kwa pipa uani.

Jaza chombo theluthi tu, kwani PET huyeyuka karibu na nyuzi 250 na kuumuka. Pitisha naitrojeni, panda nyuzi 10 kwa dakika hadi 550, ukae hapo saa moja. Gramu 100 za vipande hutoa takribani gramu 20 za mkaa. Unga mweupe utakaoganda kwenye bomba la kutokea ni asidi za PET yenyewe. Usiposafisha bomba kila mara litaziba, na gesi itatafuta njia nyingine.

Mkaa huo bado hauna vitundu vya kutosha. Usage, uchekeche, kisha changanya gramu 10 na gramu 20 za potasiamu haidroksidi iliyoyeyushwa katika maji kidogo. Vaa miwani na glavu: dawa hii huunguza ngozi na hupata moto inapoyeyuka. Kausha kwa nyuzi 110 usiku kucha. Rudisha tanurini kwenye kikombe cha nikeli (kioo na kauri huliwa), nyuzi 700, saa moja, naitrojeni ikipita. Usifungue kabla ya kupoa kabisa. Huenda kuna chembe za potasiamu humo, nazo huwaka zikikutana na maji.

Kuosha ndiko kunakowashinda wengi. Anza na asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), kisha maji moto yaliyokenekwa, hadi maji yanayotoka yafike pH 7, yaani yasiwe na asidi wala alkali. Haidroksidi ikibaki, itapandisha pH ya maji ya majaribio; methilini bluu, rangi ya kupimia mkaa yenye chaji chanya, hunaswa zaidi pH ikiwa juu, nawe utausifia mkaa kwa kazi isiyo yake.

Kupima: weka gramu 0.05 katika mililita 100 za methilini bluu ya miligramu 100 kwa lita, tikisa hadi kipimo kisibadilike, kisha soma kwa spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaonyonywa na rangi) kwenye nanomita 664 baada ya kupunguza ukali wa rangi kwa maji. Kabla ya kusoma, tenganisha mkaa kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), maana karatasi ya kuchujia hunyonya rangi hiyo pia. Weka na chupa isiyo na mkaa ya kulinganishia. Zikibaki miligramu 12 kwa lita: (100 − 12) × 0.1 ÷ 0.05 = miligramu 176 kwa gramu.

Maji ya kiwanda cha nguo ni habari nyingine. Rangi nyingi za pamba zina chaji hasi, hivyo hunaswa vyema pH ikishushwa, na chumvi na sabuni hubadilisha matokeo. Pima kwa maji hayohayo kabla ya kukadiria kilo za mkaa zitakazohitajika. Mkaa uliochoka umebeba rangi yote hiyo, usiumwage mtaroni.