Koki ya petroli inavuja: ninavyoitengeneza kwenye pikipiki ya zamani

Hapa Busia, upande wa Uganda, ukikuta doa jeusi kwenye sakafu ya banda, juu kidogo ya doa hilo utaikuta koki, kile kifungulio cha petroli kilicho chini ya tangi. Wenye pikipiki za zamani wamelizoea doa kama walivyoizoea harufu. Wanaegesha, wanaweka kopo chini, asubuhi wanarudisha petroli kwenye tangi.

Mwezi uliopita mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu, aliniletea Yamaha AG100 yake, ile ya shambani yenye keria mbele na nyuma na stendi ya pembeni kila upande. Koki ilikuwa imepakwa silikoni ya gasketi mara tatu, tabaka juu ya tabaka. Niliibandua kwa ukucha. Silikoni ya kawaida ikikaa kwenye petroli hunywa, huvimba na kuwa laini kama ugali uliomwagiwa mchuzi, kisha vipande vyake husafiri hadi kwenye jeti ya kabureta, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli. Ukishamaliza kusoma hapa, ile tyubu yako ya silikoni irudishe kwenye kazi za bati.

Kabla ya kushika spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unatambaa chini, na unaweza kuifikia sigiri iliyo hatua kadhaa kutoka ulipo. Mimi hufanya kazi hii nje, asubuhi, kabla jirani yangu muuza mahindi hajawasha mkaa wake. Toa waya hasi wa betri. Weka ndoo ya mchanga karibu, maana maji hayazimi petroli, yanaieneza tu.

Hatua ya 1: Jua inavujia wapi

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, mimi nikiwemo zamani. Tunaona tone kwenye ncha ya koki, tunakaza kila kitu. Lakini petroli huteremka, kwa hiyo mahali inapodondokea sipo inapotokea.

Pangusa koki yote hadi ikauke. Chukua poda ya mtoto, au saga chaki, uipulizie juu ya koki, kwenye maungio yote. Subiri dakika ishirini bila kugusa. Petroli itachora njia kwenye ule weupe, nawe ufuate njia hiyo kwenda juu hadi inapoanzia.

Ikianzia pale koki inapokutana na tangi, shida ni oringi au gasketi ya juu, au wosha za skrubu zinazoishikilia. Hizo wosha husahaulika sana. Kwenye matangi mengine tundu la skrubu hutoboka hadi ndani, hivyo petroli hushuka kwa nyuzi za skrubu na wewe unailaumu gasketi. Ikianzia kwenye mkono wa kuzungushia, ni raba iliyo nyuma ya mkono huo. Ikianzia kwenye kikombe cha chini cha kukusanyia uchafu, ni oringi ya kikombe, na hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Na kama inaanzia kwenye mpira unaokwenda kabureta, kata sentimita moja ya mwisho uliopasuka, rudisha klipu, kazi imekwisha.

Kuna uvujaji mwingine usioonekana kwa nje: koki iko OFF lakini petroli inapita. Chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, weka OFF, uache usiku kucha mahali penye hewa na mbali na moto. Asubuhi chupa ikiwa na petroli, raba ya ndani imechoka. Usiupuuze, kwa sababu kinachoizuia petroli hiyo isiendelee ni sindano ya floti peke yake, ile inayoziba njia ya petroli bakuli la kabureta likijaa. Nayo ikiwa imelika, petroli hufurika nje au huingia kwenye injini. Kwenye injini ya toki mbili kama ya AG hujaa chini ya pistoni, plagi inalowa, na kiki inakuwa nzito. Kwenye injini ya toki nne, kama Honda CG125, huweza kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, imwage yote kabla ya kupiga kiki.

Hatua ya 2: Mwaga petroli

Iteremshe kwenye jerikeni safi kupitia kitambaa cheupe. Kitazame hicho kitambaa. Unga wa kahawia ni kutu ya tangi, na koki utakayoitengeneza leo itachakaa tena usipolisafisha tangi. Maji utayajua: yanakaa chini ya petroli kama shanga.

Halafu toa tangi kabisa, ulilaze juu ya tairi kuukuu, koki ikiangalia juu.

Hatua ya 3: Fungua koki

Kwenye Yamaha nyingi za zamani ni skrubu mbili, na kwenye Honda nyingi ndogo ni nati moja kubwa. Skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani zimechongwa kwa kiwango chao, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri ndani yake. Inaruka na kula kichwa. Ukipata bisibisi ya JIS, inunue na uifiche, mafundi wenzako wataiazima wasiirudishe. Kama huna, saga kidogo ncha ya bisibisi ya kawaida ili izame hadi chini, weka tone la oili, gonga kichwa cha skrubu mara mbili tatu kwa nyundo ndogo, kisha zungusha huku umekandamiza kwa nguvu.

Vuta koki taratibu. Juu yake kuna mirija iliyofunikwa na chujio: mrefu ni wa ON, mfupi au tundu la chini ni la RES, yaani akiba. Mara nyingi nakuta mrefu umevunjika. Mwenye pikipiki hiyo hana akiba tena; petroli ikiisha, imeisha.

Hatua ya 4: Toa mkono

Tandika kitambaa cheupe. Skrubu mbili ndogo, bamba, wosha yenye mawimbi, mkono, kisha raba ya duara yenye matundu, mara nyingi manne. Piga picha kila kipande kinapotoka. Raba itoe kwa kijiti cha mti. Ukitumia bisibisi utaikwaruza alumini iliyo chini yake, na mkwaruzo huo utakuwa njia mpya ya petroli.

Hatua ya 5: Nyoosha nyuso

Hii ndiyo kazi yenyewe. Raba mpya juu ya uso ulioharibika itavuja ndani ya wiki.

Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kwa kuwa kimenyooka kuliko meza yako. Weka msasa namba 1000 juu yake, matone machache ya oili, kisha usugue uso wa ndani wa mkono, ule unaokutana na raba, kwa kuuzungusha kama unaandika namba nane. Usiukandamize. Malizia na namba 2000. Unaacha pale duara la mikwaruzo linapopotea na uso wote unapong'aa kwa namna moja.

Fanya vivyo hivyo kwa uso wa koki unaokaa kwenye tangi. Simamisha rula juu yake, uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga katikati, koki imepinda, na aliyeipinda ni yule aliyekaza skrubu kwa hasira. Ile ya mzee ilikuwa imepinda hivyo, ikanichukua karibu saa nzima.

Hatua ya 6: Raba sahihi

Usikate tyubu ya baiskeli. Najua sote tumeshafanya. Raba ya tyubu huvimba kwenye petroli, mkono unakuwa mgumu kuzunguka, kisha inachanika. Unachotaka ni naitraili, aina ya raba inayovumilia petroli, au vitoni ukiipata, ambayo ni ghali zaidi lakini huvumilia zaidi. Oringi za mashine za haidroliki nyingi ni naitraili, kwa hiyo uliza kwenye maduka ya sili. Ukienda Kampala, pale soko la Kisekka, nenda na raba ya zamani mfukoni. Kwa maneno matupu utarudi na kitu kingine.

Ukiwa na shaka na raba, kata kipande, kitumbukize kwenye petroli usiku kucha, asubuhi ukilinganishe na kilichobaki kikavu. Kilichonenepa kitupe.

Atatokea mtu akuambie, "Weka tu koki ya Boxer." Pengine itakaa, pengine haitakaa. Pima kwanza umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, katikati hadi katikati, na uhakikishe mirija inaingia tangini bila kugusa ukuta.

Hatua ya 7: Rudisha

Paka raba oili ya injini kidogo sana. Grisi ya kawaida huoshwa na petroli ikaenda kwenye kabureta. Wosha ya mawimbi ikiwa imelala, ikunje kidogo kwa vidole irudishe mgandamizo, kwa kuwa ndiyo inayosukuma mkono kwenye raba. Skrubu zikaze kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, kwa nguvu ya kiganja tu. Weka wosha mpya chini ya skrubu za tangi.

Hatua ya 8: Jaribu

Lita moja ya petroli, poda tena, ON dakika kumi, RES dakika kumi. Kisha OFF na ile chupa, usiku kucha. Mimi siirudishi pikipiki kwa mwenyewe kabla sijaiona chupa kavu asubuhi.

Ya mzee ilikuwa kavu. Alikuja akaichukua, kiki ya kwanza ikawaka, akaondoka akinipungia mkono. Hazikupita dakika tano simu ikalia.

"Fundi, umeiua. Imezima hapa karibu na mpaka, watu wananiangalia."

"Mzee, koki umeiweka wapi?"

Kimya. Miaka yote hiyo, kufunga na kufungua vilikuwa sawa, akaacha kuigusa. Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta ndiyo iliyomfikisha pale.

"Mkono uangalie chini, mzee. Chini ndiyo ON."