Mgogoro wa Mkopo wa Nyumba wa VA: Andika Barua Kabla ya Kwenda Mahakamani

Mkopo wa nyumba wa VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia maveterani) kwa kawaida ni pesa ya benki, VA ni mdhamini tu. Anayepokea marejesho kila mwezi mara nyingi ni kampuni nyingine inayosimamia mkopo, na kampuni hiyo ndiyo ya kubanwa kwanza.

Rejesho lisipoingizwa, ukitozwa faini isiyoeleweka, au bima isipolipwa kutoka akaunti ya amana (pesa ya bima na kodi unayolipa pamoja na rejesho), andika barua ya kulalamikia kosa chini ya RESPA, sheria ya Marekani ya mikopo ya nyumba. Taja jina, namba ya mkopo na kosa lenyewe: "Nililipa dola 1,840 tarehe 3 Machi, taarifa ya Aprili haionyeshi malipo hayo." Ambatisha nakala ya taarifa ya benki, ile halisi baki nayo. Wengi hukwama kwenye anwani. Kampuni ikishatangaza anwani ya malalamiko, barua iliyotumwa kule kunakopelekwa hundi haiwabani, na maneno yaliyoandikwa kwenye kipande cha malipo hayahesabiki kabisa. Tuma kwa rejista, utunze risiti. Wana siku 5 za kazi kukiri wameipokea na 30 kujibu, na wanaweza kujiongezea 15. Kwa siku 60 hawaruhusiwi kuripoti vibaya rejesho hilo lenye ubishi. Wewe endelea kulipa. Barua haisimamishi deni.

Wakati huohuo piga 877-827-3702, uongee na ofisa wa mikopo wa VA. Ataweza kuzungumza na kampuni kwa niaba yako, ila hatakuwa wakili wako.

Ukiwa na malimbikizo, hatua za kupiga mnada kwa kawaida haziruhusiwi kuanza kabla hujachelewa zaidi ya siku 120. Maombi ya nafuu ya malipo yakifika yakiwa kamili zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, hawaruhusiwi kuuza nyumba kabla ya kuyatolea uamuzi. "Kamili" ndipo watu wanapoumia: hati moja ya mshahara ikikosekana, kinga hiyo huipati.

Florida lazima wapitie mahakamani, nawe una siku 20 za kujibu mashtaka. Texas mnada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, mara nyingi bila hakimu, kwa hiyo kesi ya kuuzuia unaifungua wewe, mapema. Kufilisika kwa Sura ya 13 (mpango wa mahakama wa kulipa madeni kwa awamu) husimamisha mnada kwa kawaida na kukupa miaka 3 hadi 5 ya kulipa malimbikizo. Usiguse bila wakili.

Uliyekopa kabla ya kuingia jeshini, sheria ya SCRA, inayowalinda wanajeshi, inazuia mnada usio na amri ya mahakama hadi mwaka 1 baada ya utumishi, na riba isizidi asilimia 6 ukiomba kwa maandishi ndani ya siku 180 tangu utumishi uishe.

Kagua pia ada ya VA, inayotozwa unapochukua mkopo. Fidia ya ulemavu kutoka VA ikianza kuhesabiwa tarehe iliyotangulia kusaini mkopo, ada hurudishwa: kwa dola 300,000 kwa asilimia 2.15, ni dola 6,450.