Ukienda Arizona na RV wakati wa baridi, barua zako unamwachia nani?

Ndugu zangu wa Minnesota, Iowa, Wisconsin na nyie wa Kanada kwenye baridi kuliko yetu, kila ikifika Oktoba napigiwa simu na watu watatu wanne wanaulizia ile safari yetu ya kusini, RV, yaani gari la kulala ndani, bei gani, mnalala wapi, ni salama kweli. Nimeona niandike mara moja. Ila nikwambie mapema, habari ya gari na mafuta ni fupi, habari ya barua ndiyo ndefu, maana barua ndiyo iliyonitoa machozi mtu mzima wa miaka 63.

Tuanze na gari. Sisi tulinunua la mkono wa pili, la mwaka 2004, futi 24, dola 14,500 taslimu kutoka kwa wazee ambao macho yalishawakataa kuendesha. Leseni ya kawaida inatosha kwa saizi hiyo. Panda juu ya paa ukague nyufa, alafu ndani bonyeza kuta kwa kidole gumba hasa kwenye kona, ukikuta palipolainika kama mkate uliolowa ondoka hata wakikushushia nusu bei, hayo maji yameshakula mbao ndani. Hati ya gari iwe na jina la anayekuuzia, hilo halitaki maelezo, hata nyumbani hununui gari kwa kadi ya mtu mwingine.

Usijaze maji Minnesota. Acha paipu na ile antifrizi ya pinki ya RV, ile dawa ya kuzuia paipu zisigande, kunywa na kuoga tumia maji ya galoni za dukani, mpaka uwe umefika kusini kabisa. Mwaka wa kwanza tulijaza nyumbani, kufika Iowa kiungo cha plastiki nyuma ya choo kikapasuka.

Njia: kutoka Minneapolis shika barabara ya 35, Des Moines, Kansas City, Oklahoma City, pale unaingia 40 mpaka Albuquerque. Wengi wanaendelea na 40 wanakutana na theluji Flagstaff, kule ni juu futi 7,000, ni Makete ya Wamarekani. Wewe Albuquerque shuka na 25 mpaka Las Cruces alafu 10 kwenda Tucson, Phoenix, mpaka Quartzsite. Ni karibu maili 2,000, gari letu linakula galoni moja kwa maili 9, kwenda tu petroli ilitutoka kama dola 700. Usiku lala kwenye maegesho ya Walmart lakini ingia ndani umuulize meneja kwanza, siyo kila duka wanaruhusu.

Quartzsite ni kamji kadogo jangwani ambako barabara ya 10 inakutana na 95, wakati wa baridi kanajaa maelfu ya RV. Ardhi pale pembeni ni ya serikali kuu, iko chini ya BLM, idara yao ya ardhi. Kuna sehemu unakaa bure siku 14 ndani ya siku 28 kisha unahama, na kuna eneo la La Posa ambalo mimi nililipa dola 180 unaruhusiwa kukaa kuanzia Septemba 15 mpaka Aprili 15. Umeme hakuna, lete sola au jenereta, lakini maji yapo, pa kumwaga choo papo, pa kutupa taka papo. Mchana Januari unavaa shati, usiku unatafuta blanketi mbili. Watu wawili tulikuwa tunatumia kama dola 900 kwa mwezi, chakula, gesi, petroli na simu.

Haya. Sasa barua.

Mimi nimekaa na grini kadi miaka mingi bila kuomba uraia, kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha na moyo ulikuwa unasita, nyie Wakenya tangu katiba ya 2010 hamjui hilo donda. Mwisho nikaamua. Agosti nikajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, kwa karatasi, nikatuma, alama za vidole nikapiga, nikaambiwa subiri barua ya intavyuu. Wenzangu kazini wakasema inachukua mwaka, wengine miezi kumi. Nikaona basi kuna muda, nikamwachia mpwa wangu nyumba na funguo ya sanduku la barua, Desemba 28 tukaondoka.

Kila wiki nilikuwa nampigia. Mjomba, hapa salama, barua ni matangazo tu ya piza na bima za magari. Kweli hakunidanganya, alikuwa anatoa rundo lote sandukuni na kulitumbukiza kwenye droo ya jikoni, kwake yeye zote zilikuwa zinafanana.

Tulirudi Aprili 3. Nilifungua ile droo kutafuta kopo la kiberiti nikakuta bahasha ya dirisha, nyeupe, jina langu limekatika kidogo kwenye plastiki. Ndani: intavyuu Februari 11 saa 1:40 asubuhi. Chini yake bahasha nyingine ya Machi, kwamba sikutokea kwa hiyo faili langu limefungwa. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni. Mke wangu alidhani nimepata habari ya msiba.

Mpwa wangu sikumgombeza sana, na nyie msiwagombeze wenu, ila waelimisheni. Ametoka nyumbani juzi tu, na nyumbani barua ni kitu gani? Ni sanduku la posta la shule au la msikiti, unapita ukikumbuka. Ukitaka kitu serikalini unaenda mwenyewe, unakaa kwenye benchi, unaambiwa njoo kesho, unarudi, NIDA unafuatilia namba yako ya kitambulisho kwa miguu yako. Faili halitembei bila wewe kulisukuma, lakini pia halifi kwa sababu hujaenda wiki moja. Huku ni kinyume. Karatasi inatembea yenyewe, na ikishatumwa kwenye anwani uliyoandika wanahesabu umeipata. Hakuna wa kukupigia kuuliza mzee mbona hukuja. Hicho kitu kiingie kichwani: IKISHATUMWA UMEIPATA. Uwe jangwani, uwe hospitali, umeipata.

Na mtego wa pili uko ndani ya huo huo. Utasema basi nitaenda posta niombe barua zangu zinifuate Arizona. Nilidhani hivohivo. Barua za uhamiaji posta haizihamishi, zinarudishwa zilikotoka, kwa hiyo ungejaza ile fomu ya posta hata kwenye droo usingezikuta. Narudia, kubadilisha anwani posta siyo kubadilisha anwani uhamiaji, ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Ukihama kweli una siku 10 za kuwaambia uhamiaji kwa fomu ya AR-11, mtandaoni, haina malipo. Na wewe mwenye kesi mahakama ya uhamiaji soma hapa mara mbili: AR-11 haiiambii mahakama. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33, na siku zake ni 5. Ukikosa tarehe ya mahakama jaji anaweza kutoa amri ya kukuondoa nchini wewe haupo, hata hujui. Kama una kesi ya namna hiyo, mimi nakwambia kama kaka yako, acha kusini mwaka huu, vumilia baridi.

Kwa sisi wa N-400 kuna mlango mmoja. Faili likifungwa kwa kutotokea una mwaka mmoja kuandika barua kuomba lifunguliwe, na hulipi ada upya. Ukipitisha mwaka limekufa, unaanza moja na pesa zako zimekwenda. Mimi niliandika wiki ileile, nikaeleza ukweli, nikabandika nakala za barua zote mbili. Intavyuu ya pili nikaipata Novemba. Miezi tisa kwa bahasha moja.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari fanya hivi. Posta wana huduma inaitwa Informed Delivery, ni bure, kila asubuhi wanakutumia kwa imeili picha ya bahasha za siku hiyo kwa nje. Jiandikishe ukiwa bado nyumbani maana wanahakiki kama kweli unaishi hapo. Ukiona bahasha ya serikali unampigia mtu, fungua hiyo, nipige picha. Pili fungua akaunti ya mtandaoni ya uhamiaji uunganishe na faili lako, ukiwa na intaneti jangwani unaona tarehe mwenyewe. Tatu mtu unayemwachia funguo mkalishe chini umwoneshe bahasha yenyewe, hii ya dirisha, hii ya kaunti, hii ya benki, asikisie. Usimwambie tu angalia barua zangu. Mimi nilimwambia hivyo na akaziangalia.

Kingine kinachohusu makaratasi. Quartzsite na Yuma ni karibu na mpaka, na kwenye 95 ukitoka Yuma kupanda kaskazini kuna kizuizi cha Border Patrol, wanakuuliza uraia. Sheria inataka mwenye miaka 18 na zaidi atembee na grini kadi yenyewe, siyo picha kwenye simu. Wengi huku wanaiacha kabatini isipotee, hapana, tembea nayo. Na wazee wote pale wanavuka kwa miguu kwenda Los Algodones, Meksiko, kung'oa na kuziba meno kwa bei nafuu. Wewe wa grini kadi vuka na kadi na paspoti yako. Wewe uliyeomba hifadhi na hujajibiwa usivuke, hata kwa nusu saa, hata jino likuue, ukitoka nje bila kibali umelitupa ombi lako.

Bima ya afya ya jimbo lako uliza kabla, nyingi nje ya jimbo zinalipa dharura tu. Dawa za presha beba za miezi yote.

Sasa hao wazee wenyewe. Nimefanya kazi nyumba ya wazee miaka 19 nikidhani nawajua Wamarekani wakizeeka, kumbe nilikuwa nawajua wale waliolala. Hawa wa jangwani wana miaka 78, 80, anaendesha peke yake na mbwa, anapanda mwenyewe juu ya paa kufunga sola. Betri yangu ilipokufa walikuja wanaume watatu na vyombo vyao bila kuitwa, wakakataa hata chai. Lakini jioni kwenye moto ukiwauliza watoto wako wapi, wanasema Ohio, wanasema sijui vizuri siku hizi. Krismasi simu moja. Mimi kila jioni simu inalia kutoka Tanga, huyu ada, yule bati za paa, wengine wameona picha ya RV wanasema mjomba kanunua basi, mwingine kauliza kama tumefukuzwa nyumba. Mama zangu na kaka zangu, hilo gari ni la zamani na ndimo tunamolala, hakuna basi. Ila simu zenu endeleeni kupiga. Nikiwaangalia wale wazee naona heri simu inayoomba kuliko simu isiyolia.

Pale Quartzsite kwenye makaburi kuna piramidi ya mawe, juu yake ngamia wa shaba. Ni kaburi la Hadji Ali, Mwislamu aliyeletwa miaka ya 1850 kuchunga ngamia wa jeshi la Marekani, wenyeji walishindwa kutamka jina wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Kila tukifika tunapita kumsomea Fatiha kabla hata ya kwenda kujaza maji.

Mwaka huu tunaondoka Desemba 27. Kila Jumamosi mpwa wangu anapanga bahasha zote kwenye meza ya jikoni, hata za piza, anazipiga picha moja moja mbele na nyuma ananitumia, na droo ile nimeitoa.