Daktari mtandaoni: kuandika elimu ya afya bila kumwanika mgonjwa

Mgonjwa anayetoka kliniki na maelezo ya dakika tano huyatafuta tena usiku kwenye simu, na mara nyingi anayemkuta huko ni muuza mitishamba. Daktari akiandika vizuri, atasomwa na watu ambao hatawaona maishani. Akiandika ovyo, atamuumiza yule aliyemtibu asubuhi. Jambo la kushika ni kwamba unaandika habari za ugonjwa. Mgonjwa mwenyewe abaki kwenye faili lake.

Chagua swali moja ambalo wagonjwa wako huuliza kila wiki, ulifanye kichwa kwa maneno yao. "Mtoto anaharisha, nimpe nini nyumbani?" mtu atalitafuta. "Udhibiti wa upungufu wa maji mwilini" hakuna atakayeliandika Google. Jibu liwe kwenye sentensi mbili za mwanzo, kwa sababu Facebook na Instagram hukata maandishi marefu na wengi hawabonyezi kuendelea. Juu kabisa weka tarehe. Ujumbe ukishasambazwa WhatsApp huzunguka miaka, na miongozo ya tiba hubadilika.

Vipimo vya dawa na michanganyiko viandike kikamilifu au usiviandike kabisa. Ukisema tu "mpe maji ya chumvi na sukari", yupo atakayezidisha chumvi na kumdhuru mtoto. Anza na ORS ya pakiti (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), na ukumbushe kwamba kiasi cha maji kinasomwa kwenye pakiti yenyewe, maana hazilingani. Kama hakuna pakiti: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, na kila kijiko kisawazishwe, kisijae kilima. Zinki, madini anayopewa mtoto anayeharisha, kwa kipimo kilichozoeleka ni mg 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, mg 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Kisha dalili za kukimbilia kituo cha afya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, choo kina damu, amelegea sana au ana degedege. Dozi ya antibiotiki iache nje. Picha ya skrini yako itaishia kwenye kaunta ya duka la dawa, mtu akinunua vidonge vinne.

Unapokanusha uvumi, usiuweke uvumi wenyewe kwenye kichwa. Wengi husoma kichwa tu, na watakachokumbuka ni huo uvumi, sasa ukiwa na jina la daktari juu yake. Anza na ukweli, taja uvumi mara moja katikati, malizia na la kufanya.

Picha ndizo zinazowaponza wengi. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu. Ndugu watamjua kwa kovu, hereni, kanga au hata ukuta wa wodi. Filamu ya eksirei ina jina na namba pembeni, na picha ya ultrasound inayo juu ya skrini. Usipake kalamu ya simu juu ya jina, kwani baadhi ya kalamu hizo hupitisha mwanga na mtu akiongeza mng'ao herufi hurudi. Kata sehemu hiyo kabisa, piga picha ya skrini ya kilichobaki, utume hiyo. Picha halisi hubeba pia saa na mara nyingine mahali ilipopigwa, hasa ikitumwa kama dokumenti.

Maneno nayo humtaja mtu. "Mama aliyejifungua mapacha watatu wiki iliyopita" katika wilaya ndogo ni sawa na kuandika jina. Kanuni za HIPAA, sheria ya Marekani ya faragha ya taarifa za afya, zinaorodhesha vitambulisho 18 vya kuondoa, yaani mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, zikiwemo tarehe, na orodha hiyo inafaa popote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote mbili huziona taarifa za afya kuwa nyeti.

Ukihitaji kisa halisi, pata idhini ya maandishi, tofauti na ile ya matibabu, inayotaja mtandao utakaotumika. Mweleze kwamba anaweza kuiondoa, lakini nakala zilizokwisha kusambaa hazirudi. Isiombwe akiwa kitandani anasubiri upasuaji: nani atamkatalia anayeshika kisu?

Sanduku la ujumbe litajaa. Weka jibu la moja kwa moja la WhatsApp Business: "Ukurasa huu ni wa elimu. Siwezi kukupima hapa. Kwa dalili za hatari nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa ushauri, Tanzania piga 199 bure." Ukianza kumjibu mmoja kwa dozi, umeshakuwa daktari wake bila faili, bila vipimo. Na usiuze virutubisho kwenye ukurasa uleule. Baada ya hapo kila ushauri utasomwa kama tangazo.

Makundi ya WhatsApp ya madaktari ya kuulizana kesi yanaokoa maisha hospitali zisizo na bingwa, lakini zima kwanza uhifadhi wa picha kwenye galari, la sivyo kidonda cha mgonjwa kitakaa kando ya picha za harusi. Washa ujumbe unaojifuta, PIN ya hatua mbili, na usimbaji wa nakala rudufu (kuzifunga zisisomwe na mwingine), ambao haujiwashi wenyewe.

Ukigundua kosa kwenye andiko, usilifute kimyakimya, maana nakala bado zinatembea. Andika sahihisho juu kabisa pamoja na tarehe, sema kipi kilikuwa si sahihi, kisha lisambaze kwenye makundi yaleyale ulikotuma la kwanza.